Watu Wawili Walioandikwa Mara Moja

Hospitali ile ilikuwa na mifumo sita ya kompyuta, na kila mfumo ulikuwa na kiburi chake. Mapokezi walikuwa na wa kwao. Maabara walikuwa na wa kwao, ulionunuliwa enzi za mkuu mmoja aliyekuwa hataki kuchangia na mtu hata birika la chai. Famasi wa kwao, wodi ya wazazi wa kwao, wahasibu wa kwao, na tawi la ng'ambo ya mji lilikuwa na mfumo ambao mpaka leo hakuna ajuaye nani aliuandika. Mgonjwa akiingia na homa yake anaulizwa jina mapokezi, anaulizwa tena maabara, anaulizwa tena famasi, na akifika dirisha la kulipia anaulizwa mpaka jina la mama mzazi, hata anashindwa kujua kaja kutibiwa au kaja kuposa. Jina lile lile linaandikwa mara sita, na kila mwandishi na herufi zake. Mtu akishatoka pale, ndani ya kompyuta keshakuwa ukoo.

Ndipo akaletwa Bi Mifumo. Jina hilo walimbandika wauguzi, maana kila aliyemuuliza kaja kufanya nini alijibiwa "mifumo" mara nne kwa pumzi moja. Hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mwepesi wa kusema na mzito wa kula, na kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alitakiwa auvunje ule utaratibu wa kila idara kujiwekea watu wake, ajenge rejista moja katikati. Mtu aandikwe mara moja, mahali pamoja, na idara zote zije kuuliza pale. Maabara wabaki na damu zao, famasi wabaki na vidonge vyao, lakini mtu awe mmoja.

Unafikiri walimshukuru? Thubutu. Mkuu wa famasi alimwambia orodha yake ndiyo safi kuliko zote, wengine waje wanakili kwake. Mkuu wa maabara naye akasema vivyo hivyo. Wahasibu hawakusema kitu, ila kila alipokwenda kwenye kikao chao walimpa kiti chenye mguu mbovu. Bi Mifumo akakalia kiti hicho, akaeleza, akarudi tena kesho yake. Mwaka ulipokatika walikuwa wameshachoka kumkatalia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kina joto na harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi. Humo alikaa na Mzee wa Seva, ambaye hakuwa mzee hata kidogo. Aliitwa hivyo kwa jinsi alivyozilinda seva zake, zile mashine zinazotunza rekodi zote. Akiona mtu kaingia na kikombe cha maji, kelele atakazopiga utadhani kaona moto. Wawili hao ndio walioandika kanuni za kuwatambua watu waliojirudia. Namba ya faili ikiwa moja, tarehe ya kuzaliwa moja, jina la mama moja, na jina la mgonjwa linasikika vilevile hata kama herufi zimepishana, basi kompyuta iseme huyu ni yule. Kisha izikunje rekodi zake zote ziwe moja.

Na vituko walivyoviona humo, we acha tu. Kulikuwa na babu mmoja ambaye kwa famasi alikuwa mjamzito. Kulikuwa na mwalimu ambaye mapokezi walishamzika, maabara walimpima juzi, na kwa wahasibu alikuwa hajazaliwa. Kila rekodi za mtu zilipokunjwa zikawa moja, Mzee wa Seva alicheka akaenda kwa mwingine. Bi Mifumo alitulia kwanza. Alimtazama yule mtu aliyekamilika pale kwenye kioo cha kompyuta, akavuta pumzi. Alipenda kuwaunganisha watu kupita kazi ilivyomtaka, na alijua kwa nini, ila hakuwa mtu wa kuyamwaga ya kwao ofisini.

Alikuwa pacha, na pacha wake hakuwapo.

Si kwamba alikufa. Aliondoka, na ukitaka kujua kwa nini inabidi turudi nyuma mpaka kwenye kadi. Baba yao alikuwa na bima ya kazini, na mambo ya bima aliyamaliza mapema kwa ajili ya mtoto mmoja aliyetarajiwa. Wakatoka wawili. Baba akasema atakwenda kurekebisha, na alikuwa baba wa kesho, nakwambia, kesho yake haikuwahi kufika. Kadi ikaja na jina moja, la aliyetangulia, ndiye Bi Mifumo. Mama akaitazama kadi, akawatazama watoto, akacheka. Sura moja, sauti moja, nani atajua? Tangu hapo akiumwa huyu alipelekwa hospitali hii hii kwa kadi ile, akiumwa yule alipelekwa kwa kadi ile ile, na wote wawili walifundishwa kuitaja namba ya faili kabla hawajajua kuhesabu. Daktari wa watoto alisikitika jinsi mtoto yule anavyougua mfululizo. Siku moja alimfunga mkono uliovunjika, na juma lililofuata mtoto akaja na mafua huku mkono mzima kabisa. Daktari akamsifu mama kwa lishe nzuri.

Nyumbani walilicheka hilo miaka na miaka. Aliyecheka zaidi alikuwa mwenye jina, na jambo hilo Bi Mifumo alikuja kulielewa akiwa keshachelewa. Mwenzake alijifunza tangu mdogo kwamba akiumwa, jina lake linabaki nyumbani. Wakakua. Baba akafariki, bima yake ikafa naye. Kisha ikaja ile kazi ya benki. Pacha alikuwa ameitwa kwenye usaili, kazi aliyoililia, na asubuhi ya usaili akaamka na homa hata kusimama hawezi. Bi Mifumo hakumuuliza mtu. Akavaa gauni la mwenzake, akabeba vyeti vya mwenzake, akaenda akajibu maswali kwa jina la mwenzake, akarudi anaimba tangu mlangoni kwamba kazi imepatikana. Alidhani anamletea zawadi.

"Hawakunipa mimi," pacha alisema, kajifunika shuka mpaka kidevuni. "Wamekupa wewe tena. Nimechoka kuwa nakala yako."

Homa ilipomwacha akafunga begi. Alisema anakwenda mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba walizaliwa wawili. Akabadilisha namba ya simu, na mwaka wa nane huu unakatika, hakuna aliyemtia machoni.

Mama alibaki na Bi Mifumo kwenye nyumba ile ile, na mpaka leo binti akirudi jioni mama humuuliza kutoka jikoni, "Mmerudi? Mmekula?" Huwauliza wanawe, kama alivyozoea. Bi Mifumo hajawahi kumsahihisha. Hujibu tu kwamba wamerudi, akaingia chumbani kuvua viatu, na siku nyingine hukaa kitandani na kiatu kimoja mkononi kwa muda mrefu. Alimtamani ndugu yake kwa mambo ya kijinga kabisa. Alitamani kile kicheko kilichokuwa kinaanza kabla kichekesho hakijaisha. Alitamani mtu wa kumkuna mgongo pale mkono usipofika, mtu wa kugombana naye juu ya dirisha lifungwe au liachwe wazi. Miaka minane analala dirisha likiwa wazi, vile alivyotaka yeye, na hakuna raha yoyote aliyoipata.

Sasa, watu wa kompyuta wana tabia moja. Wakitaka kujua kitu kinafanya kazi, wanajijaribia wenyewe. Rejista ilipounganishwa na tawi la ng'ambo kwa majaribio, Bi Mifumo akaandika namba ya faili anayoijua kuliko zote, ile ya utotoni, ambayo ndiyo aliyoendelea nayo hata alipoajiriwa pale. Kioo kikafikiri kidogo, kikamleta. Yeye huyo, na mkono wake uliovunjika, na miwani yake, na kile kipimo cha afya cha wafanyakazi cha wiki iliyopita, presha nzuri. Na hapo katikati, kutoka wodi ya wazazi ya tawi la ng'ambo, mwanzoni mwa mwezi huu huu, ikaandikwa kwamba amejifungua salama mtoto wa kike.

Mzee wa Seva alicheka mpaka akashika ukuta. Akampa hongera, akamlaumu kwa kuificha mimba vizuri namna ile, akataka kujua kama aliomba ruhusa au alichomoka saa ya chakula akajifungua akarudi. Bi Mifumo naye akacheka. Aliona ni kosa la kanuni, na makosa ya kanuni ndiyo yanayomweka mjini. Akazipitia moja moja. Namba ni ile ile. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Jina la mama, sawa. Kompyuta haikukosea mahali popote. Akaanza tena kutoka juu, na alipofika kwenye namba kwa mara ya pili mkono wake ukasimama.

Nani mwingine duniani aliyeijua namba ile kwa moyo?

Chini ya jina palikuwa na namba ya simu iliyoachwa na mzazi. Bi Mifumo akaiziba kwa kiganja kabla hajaimaliza kuisoma. Kanuni ya kwanza ya kazi ile, aliyoiandika yeye mwenyewe akaibandika ukutani, ilisema kwamba anayepanga rekodi za wagonjwa hatumii kilichomo kwa haja zake, na hakuna haja iliyowahi kumbana kama ile. Lakini tusidanganyane, si kanuni peke yake iliyomzuia. Aliogopa. Mtu aliyekukimbia akisikia sauti yako kwenye simu atabadilisha simu tena, na safari hii hutampata hata kwenye kompyuta. Akamwita Mzee wa Seva aje azime kioo, kiganja chake kikiwa bado pale pale. Mzee wa Seva akaja, akauona uso wake, utani ukamwisha.

Bi Mifumo akamweleza yote, kadi, benki, begi. Mzee wa Seva alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza jambo ambalo Bi Mifumo hakuwa amelifikiria. Bima ile si ilikufa zamani? Ilikufa. Na huyu mzazi, rekodi inasema katibiwa kwa gharama ya nani? Kajigharamia mwenyewe, na kaandika kwamba ameajiriwa. Basi jina lile halikumpa faida yoyote, Mzee wa Seva akasema. Mtu akijiita jina la mwingine anatafuta nafuu fulani, huyu alikuwa anatafuta nini? Bi Mifumo alikuwa ameshaanza kumwona ndugu yake katika dhiki, hana kitu, hana hata karatasi, na sasa hata hilo la kumhurumia likaondoka mikononi mwake.

Mchana ule ule simu yake ikalia. Ilikuwa meseji ya hospitali, inamkumbusha yeye, kwa jina lake, arudi kliniki ya tawi la ng'ambo siku ya Alhamisi, yeye na mtoto wake. Akaisoma, moyo ukamjaa. Tarehe, mahali, mtoto. Kisha akaisoma tena kwa macho ya kazi. Ile rejista mpya ilikuta simu mbili kwa mtu mmoja, ikachagua ile iliyothibitishwa karibuni, yaani ya mfanyakazi. Meseji ya ndugu yake imekuja kwake, na ndugu yake hakupata kitu. Akamwomba Mzee wa Seva aangalie kuna nini kingine, na kilikuwapo. Pacha alikuwa ametoka wodini na presha ya juu, na wale wa tawi walimwekea alama nyekundu ya kufuatiliwa kwa karibu. Rejista ikakiona kile kipimo cha wiki iliyopita, ikasema mama huyu amepona, ikaifuta alama.

Mwenye presha nzuri alikuwa Bi Mifumo. Kwa kazi yake safi, aliyoihangaikia mwaka mzima juu ya kiti kibovu, alikuwa amemponya ndugu yake kwenye kompyuta na kumwacha anaumwa huko aliko.

Akapanda ngazi hadi kwa Mganga Mkuu. Huyu alikuwa bwana wa haraka, miwani daima juu ya kipaji cha uso, na wiki ile furaha yake yote ilikuwa rejista. Alishawaalika wajumbe wa bodi waje waione ikizinduliwa. Bi Mifumo akamwambia uzinduzi usubiri. Mganga Mkuu akauliza kama amesikia vizuri. Amesikia vizuri.

"Tumekuwa tukimtafuta mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi," Bi Mifumo akasema. "Hatujawatafuta watu wawili walioandikwa mara moja."

Mganga Mkuu akasema hayo ni mambo ya kufikirika, na kila mradi una mtu wake wa kuuchelewesha kwa mambo ya kufikirika. Akataka kujua watu wa namna hiyo ni wangapi basi. Bi Mifumo akajibu kwamba hajui, ila wawili anawafahamu. Anawafahamu vipi?

"Mmoja ni mimi."

Miwani ikashuka kutoka kwenye kipaji ikakaa machoni. Bi Mifumo akaeleza kadi ya utotoni, na aibu ikampanda shingoni, maana hadithi iliyokuwa inachekesha jikoni kwao haikuchekesha hata kidogo mbele ya meza ile. Alipofika kwenye alama nyekundu, Mganga Mkuu alinyanyua simu, akawaambia wajumbe wasije. Alinung'unika, ndiyo, tena kwa sauti, lakini alikuwa daktari kabla ya kuwa mkuu. Akatoa amri mbili. Rekodi ile Bi Mifumo asiiguse tena, aishike Mzee wa Seva. Na rejista yote ifikiriwe upya kuanzia msingi.

Wakaifikiria upya. Kabla ya kuuliza rekodi zipi ni za mtu yule yule, kompyuta ikafundishwa kwanza kuuliza kama ndani ya rekodi moja yumo mtu mmoja kweli. Mkono uliovunjika hauponi kwa juma moja. Akitokea wa hivyo, isimame, imwite binadamu. Kila kipimo kibaki na jina la idara iliyokipima. Na rekodi zikunjwe, zisishonwe, ili siku mkiona mmekosea mweze kuzikunjua bila kuzichana. Mzee wa Seva akamtenga yule mzazi wa tawi la ng'ambo, akamrudishia simu yake na alama yake nyekundu, akaituma upya meseji. Jina hakuligusa. Jina la mtu analitaja mwenyewe.

Ikabaki Alhamisi.

Bi Mifumo hakumwambia mama. Jioni aliporudi akaulizwa kama wamekula, akajibu kwamba wamekula, ila kwa sauti ya chini, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza mbona wamekuwa wanyonge. Amwambie nini? Akimpa tumaini, halafu mtu asitokee, huyu mama atazeeka kwa siku moja. Na yeye mwenyewe aende au asiende? Akienda, pacha akamwona, akageuza akaondoka, presha yake itabaki haijapimwa, na hiyo itakuwa mara ya pili kumharibia kwa kumsaidia. Asipoenda, atakuwa amekaa mahali pamoja naye ndani ya kompyuta akamwacha apite. Alitaka kumwona. Alitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka jambo jingine, na kutaka huko kulimtisha, kwa sababu hata lile la benki alilifanya kwa kutaka.

Akamwuliza Mzee wa Seva, ambaye alikuwa anapangusa mashine zake kwa kitambaa kama mtu anayemwogesha mtoto. Hata kugeuka Mzee wa Seva hakugeuka.

"Meseji ya kwanza ilikuja kwenye simu yako, kwa jina lako," akasema. "Mtu akiitwa kliniki, si anaenda?"

Akaenda. Akajiwekea sharti moja, kwamba atakaa benchi la nyuma kabisa, na akiona mwenzake kakunja uso atatoka kwa mlango wa uani, mwenzake abaki apimwe. Kliniki ilikuwa imejaa akina mama, vilio na harufu ya maziwa. Yeye peke yake hakuwa na mtoto. Mama mmoja aliyekaa karibu, mwenye mapacha wa kiume mapajani, alimwangalia juu mpaka chini akamuuliza wa kwake yuko wapi. Bi Mifumo akasema anakuja. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akamsogezea nafasi.

Akasubiri. Kila mlango ulipofunguka shingo ilimtoka, na kila aliyeingia hakuwa yeye. Akaanza kujiuliza kama angemtambua. Akajicheka, maana angeshindwaje, lakini hofu haikuondoka. Miaka minane inaweza kumpeleka mtu mbali na uso wake. Huenda kanenepa. Huenda kakonda. Huenda kakata nywele kwa kusudi, ili akijitazama kwenye kioo asimwone mtu anayemjua. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine, akina mama wakaitwa wakapungua, yule mwenye mapacha akaingia akatoka akamuaga. Bi Mifumo akainama akaanza kutafuta ufunguo mkobani, kwa ajili ya kujipa shughuli tu, asije akalia mbele za watu.

Muuguzi akatokea mlangoni na kadi mkononi, akaita jina.

Bi Mifumo akasimama. Hakufikiri; lilikuwa jina lake. Na kwenye benchi la karibu na mlango, ambako watu walikuwa wameingia alipokuwa kainama, akasimama mwanamke mwingine na mtoto begani.

Muuguzi akamtazama huyu, akamtazama yule. "Nimeita mmoja," akasema.

Pacha alikuwa kanenepa kidogo, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Alikuwa yeye. Hakukunja uso na hakutabasamu, alisimama tu akimpigapiga mtoto mgongoni, mkono ukienda wenyewe. Bi Mifumo alikuwa na maneno ya miaka minane, aliyoyapanga na kuyapangua kitandani na kiatu mkononi, maneno ya kuomba radhi, mazuri kabisa. Yakamtoroka yote. Akasogea hatua chache, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha kazini.

"Kadi ile iliisha zamani," akasema. "Ungeandika jina lako tu."

"Najua iliisha," pacha akasema. Sauti ilikuwa ile ile, ya kwake mwenyewe, ikitoka kwa mtu mwingine. "Jina langu ninalo, na kila mahali nalitumia hilo. Siku ile nilikwenda peke yangu. Uchungu umeshika, wananiuliza naitwa nani, na mimi sina mtu. Nikataja lako, ili wakiita, uwemo chumbani."

Bi Mifumo akafunika mdomo kwa mkono.

"Waliita siku nzima," pacha akasema.

Muuguzi, maskini, alikuwa na kazi yake na foleni yake. Akauliza sasa anayepimwa presha ni nani kati yao, maana yeye hana siku mbili. Bi Mifumo akatikisa kichwa, akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Pacha akamshusha mtoto begani, akamtazama kidogo, akamtazama dada yake.

"Mshike basi," akasema. "Kwa maandishi ni wako."

Akamkabidhi, akaingia kupimwa, na mlangoni akasikika anamwambia muuguzi jina lake mwenyewe, taratibu, ili aliandike vizuri. Bi Mifumo akakaa kwenye benchi na mtoto, akawa anamtazama usoni.